Kifuniko

Saa tisa za usiku, Uyole ni friji isiyo na mlango.
Nimeipanga nyama kwenye sinia, dirishani,
vipande havigusani, kama watu waliokosana,
ipoe hadi mfupani.
Sikutia nyanya. Nyanya ni mbea,
ikifika Makambako imeshachachua kila kitu.
Chumvi, ndimu, tangawizi na moto mdogo,
mpaka mafuta yenyewe yakachoka kulia.

Asumwisye, wewe umelala.
Nje, Fuso lako limebeba magunia sabini ya viazi vya Isyonje,
na bado asubuhi utaniuliza:
"Viazi vya njiani umeniwekea?"
Nimeweka. Vya kuchemsha, na maganda yake;
kilichovaa nguo yake hakiharibiki upesi.
Mayai nayo usiyamenye kabla ya njaa.

Jani la mgomba nimelibabua juu ya makaa
likalegea, likang'aa, likakubali kukunjwa.
Furushi la uzi mwekundu ni ndizi, mle Igawa.
Uzi mweupe ni chapati za Mafinga.
Lisilo na uzi ni lenu wawili, wewe na Lwitiko,
pale Ipogolo. Usimpunje kijana.

Chochote chenye maji kiishe kabla ya Kitonga.
Baridi yetu haina miguu mirefu:
inakusindikiza hadi kona ya kwanza ya mteremko
kisha inageuza, inarudi kwangu.
Kule chini, Ruaha Mbuyuni, joto limekaa barabarani
linauza vitunguu na kupekua mizigo ya watu.
Pale hupita kikavu tu:
karanga, usipa wa Matema, chai isiyo na maziwa.

Unaikumbuka ile safari ya Machi?
Tuligombana kwa ajili ya pesa ya mbolea.
Nikapakua wali unaofuka, maharage juu yake,
nikafunika pap!
nikakikaza kifuniko kwa goti.
Uliporudi nikakuuliza kama chakula kilifika.
Ukasema, "Kilifika, mama Atupele. Tulilamba vidole."

Ni Lwitiko aliyeropoka, wiki mbili baadaye, akiosha gari:
mlifungua Mikumi, povu likawatazama,
mkamwaga nyuma ya tairi,
na wewe ukaisugua hotipoti kwa mchanga, mara tatu,
ili nisinuse.

Sijakuambia kwamba najua.
Ila tangu siku ile sifungi kinachofuka.
Mvuke ukikosa pa kutokea hugeuka jasho,
chakula kikalowa kwa jasho lake mwenyewe,
na wa kulaumiwa akawa barabara.

Na lile neno lako la jana jioni, juu ya kaka yangu,
sikulijibu. Uliona nimenyamaza ukadhani nimelimeza.
Hapana. Nimeliweka hapa dirishani, kando ya nyama.
Sasa hivi nimeligusa kwa kidole:
juu limepoa.
Katikati bado lina vuguvugu.

Maparachichi matatu nimeyafunga kwenye gazeti.
Laini ni la leo.
Lililoanza kulegea shingoni, ule Morogoro.
Lile gumu kama jiwe si lako. Ni la Atupele, hosteli,
usilibonyeze kila mkisimama kupima kama limeiva,
nakujua.
Mwambie asilikate mpaka lenyewe likubali kidole.
Kama ni siku nne, basi ni nne.

Jogoo wa mama Sekela amewika mapema, mwongo yule.
Nasikia kitanda kinalia, unatafuta soksi gizani.
Nyama iko tayari.
Nimeshika kifuniko mkononi,
njoo kwanza tuongee.