Mgeni wa Lami

Kwanza uliza. Usijifanye hukuuona mlango.
Ingia dukani, yapite mablanketi, zipite betri,
mtafute meneja wa zamu; hapa Pocatello
usiku wa Jumanne ni Twila, miwani yake ina kamba.
Mwambie: nimechoka, nina nyumba ya magurudumu sita,
naomba ukingo wa uwanja wako hadi alfajiri.
Atakutazama viatu. Kisha: Kule, nguzo ya kumi na nne,
mbali na zinakorudishwa troli.
Nunua kitu. Mimi hununua vitunguu
hata vikiwa vimejaa kabatini.
Kodi ya heshima haina risiti.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, walisema.
Huku siku ya pili haipo,
na jembe lingekwaruza lami.

Usishushe jeki: lami ya Julai hubonyea kama samli.
Usikunjue turubai wala kutandaza viti
kana kwamba uko ufukweni.
Maji ya sinki yabaki na mwenye sinki.
Jenereta, ikifika saa nne, kimya.
Hili la mwisho lilikuwa dini ya Burl, mume wangu.
Kwake heri kulala na soksi tatu na kofia ya sufu,
meno yakigongana,
kuliko kumwamsha jirani asiyemjua,
ambaye asubuhi hatamwona.
"Uwanja wa bure," alisema, "hufungwa na mtu mmoja."
Tuliuona ukifungwa Boise, tukauona Ogden:
jamaa mmoja, jiko la mkaa, soseji, muziki,
na wiki iliyofuata kibao chekundu.

Januari hii nimekuja peke yangu.
Theluji ilianza saa tatu.
Kando yangu, bila kuuliza, kikaingia kigari
cha bamba la Nebraska, dirisha moja plastiki na gundi.
Nikakunja uso. Nikasema moyoni: hawajaenda kwa Twila.
Halafu taa ya ndani ikawaka
nikamwona mtoto, goti limekuwa meza,
anaandika hesabu, anapuliza vidole, anaandika.

Tibbets mlinzi alikuja na kurunzi.
Kwangu alipunga mkono. Kwao aligonga.
Nikasikia sheria ambayo sikuwahi kuisikia
miaka kumi na moja ya kulala humu:
"Hapa ni kwa wasafiri."
Baba akasema, "Nasi tunasafiri."
"Kwenda wapi?"

Kimya kile, Burl, usingekipenda.

Nikafungua mlango, miguu ndani ya soksi tu.
Wako nami, nikasema. Uongo huo
ulitoka laini, kana kwamba niliufanyia mazoezi.
Tibbets akatazama bamba langu, akatazama lao,
theluji ikimjaa ukingoni mwa kofia,
akaandika kitu, au akajifanya anaandika.

Kisha nikauvuta waya mrefu wa umeme,
nikaupenyeza kwenye ile plastiki,
hita yangu ndogo nikaiweka miguuni pa mtoto,
na saa tano na dakika kumi nikawasha jenereta.
Ikanguruma usiku kucha kama mlevi anayedai chenji.
Nisamehe, Burl. Au usinisamehe.
Sikulala. Sidhani kama jirani yeyote alilala.
Hakuna aliyekuja kugonga.

Alfajiri Twila alitoka na koleo la theluji.
"Mashine yako ina kelele," alisema.
"Inaumwa," nikamjibu.
Akachota, akatupa, akachota.
"Jumatano pia ni zamu yangu," akasema,
bila kuinua macho.

Lakini wao walishaondoka, na sikuwauliza waendako.
Hita niliikuta ngazini, waya umekunjwa vizuri
kuliko ninavyoukunja mimi.
Nikaokota takataka zangu, na zisizo zangu.
Kanuni inasema usiache alama.
Nilipogeuza kutoka, kwenye kioo cha pembeni,
weupe mtupu, na ndani yake
mistatili miwili mikavu ya lami, mkubwa na mdogo,
imekaribiana,
na theluji inaanza kuufuta ule mdogo.