Nyumba Bila Ardhi

Khulthum alipotua kutoka Maskati
alileta spika tatu ndani ya sanduku la nguo,
kazifunga kwa mabuibui zisigongane.
Moja akaiweka sebuleni, juu ya kabati la sahani,
moja jikoni, mbali na mvuke,
ya tatu chumbani, upande wa mamake.
Hazina waya. Husemezana zenyewe kwa zenyewe
kupitia kuta za Majengo.

"Baba, nyimbo zako ziko wapi?"

Nikatoa flashi kwenye kopo la vifungo:
nyimbo arubaini na moja,
nilizozinunua usiku mmoja mmoja
nikiwa karani wa zamu ya bandarini,
kwa kadi ya benki, kwa hiari yangu,
wakati wenzangu wananakili za bure Mwembe Tayari
na kunicheka: "Sudi yualipia upepo."

Spika zikatafuta.
Taa ya samawati ikazunguka, ikazunguka,
na simu ya Khulthum ikaandika kwa adabu:
Faili hili linalindwa.
Kifaa hiki hakijaidhinishwa.

Hakijaidhinishwa na nani?
Nyumba yangu, stima yangu, sikio langu.

Fundi Mbwarali alivua miwani, akaifuta kwa kikoi.
"Wimbo unao, mzee. Ruhusa huna.
Kila ukiucheza huenda kwanza kubisha hodi kwa mwenyewe, ng'ambo,
na mwenyewe kafunga duka mwaka juzi.
Hodi haina wa kuiitikia."

Nikacheka, na kicheko kikanikwama,
maana neno hilo nalijua tangu sijaota meno.
Babu alijenga nyumba hii kwa boriti alizochagua mwenyewe,
na hadi leo mwezi ukiandama
wakala huja na kitabu chake cha risiti
kudai kodi ya ardhi.
Kuta zetu, bati letu, choo chetu;
mchanga si wetu.
Ukitaka kuongeza chumba, uliza.
Ukitaka kuezua, uliza.
Mwaka mmoja wakala hakuonekana miezi sita,
sote tukafurahi, mama peke yake akakosa usingizi:
"Asiyekuja kudai, yuaja kuvunja."

Na mimi, mjukuu, niliyeyaona hayo,
nikaenda nikanunua sauti vivyo hivyo.

Laptopu kuukuu ilikuwa uvunguni.
Haina herufi N, betri imevimba kama andazi,
haiwaki ila kwa waya.
Hiyo ndiyo iliyokuwa na ruhusa:
ilikubaliwa zamani
na hakuna aliyekumbuka kuinyang'anya.
Nikabonyeza. Fidla zikaingia,
nyembamba, kana kwamba zapigwa ndani ya kibiriti.
Mwanamisi akaacha kusukuma chapati.

Tundu la waya wa sauti lilikuwa limeliwa na chumvi.
Basi Khulthum akailaza simu yake mbele ya laptopu,
akagusa kitufe chekundu,
akaweka kidole mdomoni.
Sauti ikishatoka haiulizwi kitambulisho,
huenda popote hewa iendapo.

Jioni tatu tulirekodi
tukinyata, sufuria zimekatazwa kuchemka,
jirani kaombwa asitwange.
Hatukuweza. Nyumba ina watu.

Sasa spika zote tatu zacheza,
na Khulthum amerudi kazini kwake.
Wimbo wa kumi na saba, dakika ya tatu,
udi unapopanda taratibu kukitafuta kituo,
yuatokea Mwanamisi, sauti chini, akidhani hasikiki:
"Sudi, mlango! Paka 'yo yuaingia!"
sebuleni, jikoni, chumbani, kwa pamoja.

Na kila mara mimi huinuka
nikaenda kuutazama mlango.
Mwanamisi, aliyeketi hapo hapo akichambua mchicha,
hata hainui uso.
"Umefungwa," husema. "Keti."