Kijiko Asubuhi, Kijiko Usiku

Karatasi ya kuondokea ina mstari mmoja wa sababu,
mfupi kama kidole gumba.
Niliandika: mama mgonjwa.
Mama yangu asubuhi ile alikuwa juu ya ngazi
akipaka rangi dirisha la jikoni.

Nilikuja kwa miaka miwili. Nimekaa miezi tisa.
Huku Racha sikungoja siku ya tatu nipewe jembe,
nililiomba mwenyewe, nikapewa darasa:
watoto kumi na mmoja, jiko la kuni,
ramani yenye nchi ambazo hazipo tena.
Tulimaliza wakati uliopo. Tukamaliza uliopita.
Ule ujao tulikuwa tuuanze Jumatatu.

Nani alinifukuza? Hakuna.
Si theluji, si mchuzi wa maharage,
wala si jirani yetu Malkhazi, aliyenimiminia divai
kisha akasimama kuisimulia meza nzima
wema ambao sina.
Ni kitu kidogo, sijakipatia jina.
Usiku nilikuwa nahesabu mbao za dari,
ishirini na sita,
na nikifika ya mwisho nalia
polepole, nisimwamshe mwenye nyumba.

Alikuwa macho.
Nanuli ana miaka sabini na moja, hulala usingizi wa paka.

Nilipomwambia habari ya mama
aliweka chini nyundo ya kuvunjia jozi,
akajifunga kitambaa cheusi, akapanda mlima hadi kanisani,
barafu ile, magoti yale,
akawasha mishumaa mitatu kwa mtu asiyeumwa.
Jina la mama alilitamka vibaya.
Nikamsahihisha.
Ndilo somo langu la mwisho pale kijijini,
ukiacha la Tekle, wa dawati la mbele,
aliyenifuata hadi getini na daftari kifuani
akaniuliza kwa wakati aliokuwa nao:
"Mwalimu, ulirudi lini?"

Huyo sikumsahihisha.

Njia ya mwongo ni fupi, tunaambiwa.
Yangu ilikuwa saa tano za basi hadi Tbilisi,
kisha ndege mbili,
na chupa ya jemu ya forosadi ndani ya soksi ya sufu,
kifuniko kimefungwa kwa uzi mwekundu.
"Ya mama," Nanuli alisema.
"Kijiko asubuhi, kijiko usiku."
Hakunibusu. Au alinibusu, na mimi nilikuwa natazama mlima.

Mama alifungua mlango, madoa ya rangi kwenye nywele,
sasa alikuwa amefika kwenye kibaraza.
Nikamweleza yote pale pale, mzigo ungali begani.
Hakusema neno.
Akachukua kijiko akala kimoja.
Usiku akala cha pili.
Akaendelea hivyo, siku kumi na nane,
akikunja uso kama anayekunywa mwarobaini,
na mama anapenda sana vitu vitamu.

Jana kijiko kiligonga kioo.
Ameiosha chupa, ameianika dirishani,
akanisogezea karatasi na kalamu.
"Mwandikie. Mwambie nimepona.
Halafu mwambie aliyekuwa anaumwa ni nani."

Mbao ishirini na sita.
Naanzia hapo.