Siku Arubaini na Tano

Daktari alimuuliza mume wangu
amevuta kwa miaka mingapi.
Sugeng akakohoa kwanza, kikohozi kirefu
cha gari lisilotaka kuwaka,
kisha akaninyooshea kidole:
"Muulize huyu. Ndiye msokotaji."

Tulicheka, hata muuguzi.
Hapa Kudus mtu hutaja kiwanda
kama wengine wanavyomtaja mama.
Alfajiri baiskeli zetu zimeshafika langoni.
Mimi nasokota, Murniati ananyoa ncha kwa mkasi,
tumbaku na karafuu, tumbaku na karafuu,
elfu tatu kwa siku, nikiwa mzima.

Usiku ule nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya eksirei.
Kumi na mbili kwa siku,
miaka thelathini na mmoja:
laki moja, elfu thelathini na tano, mia saba na themanini.
Nikagawanya kwa elfu tatu.
Nikarudia, maana sikuamini.

Siku arubaini na tano.
Mwezi na nusu wa mikono yangu
ndio uliolila pafu lake la kushoto.
Nami nimesokota miaka ishirini na sita.
Zile nyingine, basi, ziko vifuani mwa nani?

Mwanetu Bagas kaja kutoka Semarang
na kijidude chenye taa ya buluu, ladha ya tikitimaji.
"Huu si moshi, Mama. Ni mvuke tu."
Mvuke naujua: hutoka kwenye chungu cha wali,
na haujapata kumwamsha mtu usiku wa manane
apapase chini ya mto akiutafuta.
Hospitalini alipanda ngazi mbele yangu,
akasimama katikati,
akajifanya anasoma tangazo ukutani.
Ana miaka ishirini na miwili.

Sikumhubiria. Karo yake ilitoka wapi?
Mwenye vidole vya rangi hii
amnyooshee nani kidole?
Nilisema tu: "Tangazo lile limeandikwa nini?"
Hakujua.

Sasa Sugeng halali chali. Hulala ameketi,
mpira wa oksijeni puani,
akihesabu maneno kabla ya kuyatoa.
Jana aliniomba kitu. Nilidhani ni sigara.
"Lete mkono," akasema.
Akaunusa, kiganja kwanza, kisha kidole kimoja kimoja,
karafuu isiyotoka kwa sabuni wala ndimu,
akafumba macho kama aliyeshiba.

Niliuacha pale mpaka ukafa ganzi.
Kesho Jumatatu. Murniati ananoa mkasi.