Chumba cha Pili, Bat

Kila baada ya dakika ishirini nazima taa,
na watu kumi na wawili, miwani mizito usoni
kama wapiga mbizi, wanarudi nyuma miaka elfu tano
bila kuvua viatu.

Ndiyo kazi yangu. Nafuta vioo kwa spiriti,
nalegeza mikanda kwa wenye vilemba,
naikaza kwa watoto.
Ukishikwa na kizunguzungu, namwambia kila mmoja, fumba macho,
ukuta uko kushoto.
Halafu nabonyeza kitufe.

Jua linachomoza. Jiwe jeupe juu ya jiwe jeupe,
wanaume wanapandisha kaburi la duara,
mzinga wa nyuki usio na asali.
Vumbi linawapita usoni, na watu wazima wanapiga chafya.
Wallahi! Vumbi la mwanga mtupu, na wanapiga chafya.

Kisha, nyuma ya sikio la kulia, mwanamke anaanza kuvuma.

Wataalamu walijua mengi: jiwe lilichongwa wapi,
meno yaliliwa na nini, shayiri ilipandwa bonde gani.
Lugha hawakuijua. Hakuna aliyeiacha.
Basi wasiseme kitu, akaamua mkubwa wa mradi,
waomboleze tu.
Ndipo Ghuneim, fundi wa sauti, akaja kwetu Ibri
na maikrofoni yenye manyoya kama paka:
"Natafuta bibi asiyeimba vizuri."

Shangazi yangu Shinuna, mzaliwa wa Wete,
akasema yeye halii kwa kulipwa.
Akavuta ungo, kilo mbili za mchele,
akaketi mkekani na kuanza kupepeta,
na puani, kama kawaida yake,
ule mvumo usio na maneno, usio na mwisho,
ambao utotoni ulinijulisha
kwamba chakula bado.

"Hiyo hiyo," Ghuneim akanong'ona.
Akamrudisha mara nne, mara sita.
Mara ya saba shangazi akaweka ungo chini:
"Mwanangu, mchele ushakuwa safi.
Nirudishie mawe?"

Walimpa riale thelathini. Akanunua blenda.

Kwenye ubao wa mlango wa kutokea
yameandikwa makampuni tisa na aliyechora mbuzi.
Jina lake halimo. Tulicheka.
Alikuja mara moja tu, akavaa miwani, akasikiliza,
akasema mbuzi wamenona mno kwa nchi hii.

Mfunguo Tano tulimzika.
Mawe matatu, kama wanawake wa huku, bila maandishi.
Siku ya nne nikarudi kazini,
nikafuta vioo, nikakaza mikanda,
na kidole kikakaa juu ya kitufe
mpaka mtoto mmoja akauliza kama umeme umekatika.

Sasa nasimama gizani, mimi peke yangu nisiye na miwani.
Sioni makaburi wala jua.
Naona watu kumi na wawili wakigeuza shingo
polepole, pamoja, kumtafuta.

Juzi alikuja mama wa Tanga, mgeni wa mwanawe aliye Sohar.
Katikati ya maombolezo akacheka kwa sauti:
"Huyu halii! Huyu anapepeta mchele,
na mchele wenyewe una chuya!"
Wakamnyamazisha. Mzungu mmoja akasema shhh
kama tuko msikitini.

Alipovua miwani alinitazama kwa muda.
"Ni nani yule?"
Ningeweza kumwambia ni mtu wa kale, kama karatasi inavyotaka.
Ningeweza kumwambia mengine.
"Wa humu humu," nikasema,
naye akatikisa kichwa kama aliyepewa anwani.

Nje, makaburi ya kweli yako juani, hayavumi.
Upepo ukipita baina ya mawe unapita tu.
Nani ajuaye? Huenda na yule wa zamani
alikuwa na ungo wake, na pua yake,
na mtoto mlangoni akingoja chakula.

Kumi na wawili wengine wamejipanga.
Ukuta uko kushoto, nawaambia.
Nabonyeza,
na mchele wa shangazi
unarudishiwa mawe.