Tufani Isiyo na Pwani

Hapa Miyako upepo haubishi hodi.
Nyumba zetu ni za zege, fupi, zimekunja magoti,
na mwezi wa tisa hata miwa hulala yenyewe
kabla haijaangushwa.

Baba, Tomori Keishun, mkata miwa,
alinunua darubini kwa bei ya ng'ombe wawili.
Siku tatu Mama hakumsemesha.
Usiku wa nne akatoka na shali, akainama, akachungulia.
"Lina jicho," akasema, akarudi kulala.

Lilikuwa Doa Jekundu la Mshtarii.
Baba hakuwa na kamera. Alikuwa na penseli laini,
saa ya mkononi, na madaftari ya shule.
Ukingo wa mbele ukigusa mstari wa katikati, anaandika saa.
Ukingo wa nyuma ukigusa, anaandika tena.
Mwaka niliozaliwa, doa lilipita kwa dakika arobaini:
Dunia mbili zingelala humo
kama mayai kiotani.

Nikamwuliza kwa nini haiishi, tufani ile.
"Ya kwetu hufa ikikanyaga nchi kavu.
Hukosa maji ya kunywa, hugonga vilima,
hugeuka manyunyu, basi.
Kule hakuna pwani, Chizuru.
Hakuna hata jiwe la kujikwaa kidole.
Chini ya upepo kuna upepo."

Sikulala. Niliuonea huruma
upepo usio na pa kufikia.

Gazetini alinionyesha ncha ya Zohali:
mawingu yanazunguka kwa pembe sita,
nati iliyokazwa, na spana haionekani.
Akanionyesha na doa jeusi la Neptuni.
Chombo kilipita, kikalipiga picha;
miaka mitano baadaye wakatazama tena, halipo.
Baba alikunja gazeti mara nne.
"Hata kuaga," akasema.

Mwaka taifuni ilipovunja minara ya umeme
kama njiti, vioo vikamwagika sebuleni,
Baba aliingia chini ya meza
amekumbatia darubini.
Picha ya Mama, marehemu, ilibaki ukutani, kisha haikubaki.
Hilo sijamsamehe. Nalisema hapa
kwa sababu shairi halijibu.

Doa linapungua. Madaftari yanasema:
thelathini na nne, ishirini na nane, ishirini na tatu.
Na mimi kila mwaka nampunguzia suruali kiunoni,
pini mdomoni, kimya,
naficha kitambaa kinachozidi ndani ya mshono.

Sasa macho yake yana mtoto wa jicho.
Mimi ndiye ninayeinama; yeye anashika saa
na kusubiri neno langu.
"Sasa," nasema. Anabonyeza.
Ndani ya lenzi, kitu chekundu kama kovu la kuungua
kinajiburuta mbele ya mwanga,
kidogo, kidogo kuliko nilivyokizoea.
"Sasa."

Jana nilichelewesha lile neno la pili.
Kwa makusudi. Nilihesabu moyoni, nikaliachia.
Akaipapasa saa yenye namba za kugusa.
"Dakika ishirini na tatu?"
Mbwa wa jirani alibweka. Miwa ilinong'ona.
"Chizuru," akasema, "usilikopeshe doa dakika
ambazo halitaweza kulipa."

Akalifuta, akapuliza vumbi la kifutio.
Keshokutwa litapita tena.
Ameniambia nivae koti.