Kichupa cha Viborg

Torben anafuga nguruwe elfu moja,
na usiku huu yeye mwenyewe
amesahau kuvuta pumzi.

Bintiye ana wiki ishirini na sita.
Kifua kinabonyea chini ya mbavu;
akitoa hewa, mapafu yananatana
kama mfuko wa plastiki uliolowa.

"Bado hana ule utando,"
asema Daktari Gyrith,
"wa mafuta na protini,
unaozuia vifuko visigandane."

Kichupa chapashwa joto kiganjani.
Matone meupe yashuka mrijani.

"Yametoka wapi?"

"Mapafu ya nguruwe."

Torben anacheka. Kisha hacheki.
Oksijeni yapunguzwa: sitini, arobaini,
ishirini na tano.

Alfajiri anarudi bandani na ndoo ya pumba,
anasimama mlangoni,
kofia mkononi.